Stika ya Bima, Wito wa Mahakama na Wakili Usiyemchagua

Mwenye Probox anatoka sokoni Thika saa moja jioni, anamgonga mwendesha bodaboda kwenye makutano ya barabara. Polisi wanaandika kwenye OB, daftari lao la matukio, majeruhi anapelekwa hospitali, mwenye gari anaiarifu kampuni yake ya bima kisha anarudi nyumbani. Miezi minane baadaye kijana wa kupeleka nyaraka za mahakama anamkuta dukani na kumkabidhi karatasi zilizobanwa kwa pini. Anasoma jina lake: mdaiwa. Analitafuta jina la kampuni ya bima juu, chini na nyuma ya karatasi, halipo. Anapiga simu kwa ajenti wake, anaambiwa, "Tuma picha tu kwa WhatsApp, mawakili wetu watashughulikia."

Mawakili wapi? Nani aliwachagua? Na kama watashughulikia, mbona jina lililo pale ni la kwake?

Kenya ina mawakili ambao kazi yao ya kila siku ni hii, kutetea watu waliokatiwa bima, kwa gharama ya kampuni ya bima. Wengi wetu hatuwajui mpaka siku tunapoletewa wito. Nilifanya kazi miaka kadhaa karibu na mafaili yao, na jambo moja lilinishangaza kuliko yote: ofisi zilizo hodari hazikuwa zile za mawakili wenye maneno matamu mahakamani. Zilikuwa zile ambazo ukiomba faili la ajali ya mwaka juzi unaletewa kabla chai haijapoa, na ndani yake kila karatasi iko mahali pake.

Tuanze na hilo jina kwenye wito. Sheria inayohusika ni Sura ya 405 ya sheria za Kenya, inayolazimisha kila gari linalotumia barabara kuwa na bima ya mtu wa tatu, yaani bima ya kumlipa mtu wa nje anayeumizwa na gari hilo. Waingereza ndio waliotuachia mfumo huu. Kwao bima ya aina hii ilifanywa ya lazima na sheria ya barabara ya mwaka 1930. Lakini sheria haimpi majeruhi ruhusa ya kuirukia kampuni ya bima moja kwa moja. Kwanza anamshtaki aliyemgonga. Akipata hukumu ndipo kifungu cha 10 kinapoilazimisha kampuni ilipe, mradi ilipewa taarifa ya kesi kwa wakati. Ikikaidi, majeruhi anarudi mahakamani na kesi ya pili dhidi ya kampuni yenyewe, akiomba itamkwe kwamba hukumu ile ni deni lake.

Kwa hiyo kampuni ina kila sababu ya kutaka kuiongoza kesi ya kwanza, maana bili itaishia mezani kwake. Ndiyo sababu ndani ya mkataba wa bima, kwenye yale maandishi madogo tusiyoyasoma, umeipa haki ya kuchagua wakili, kujibu kesi kwa jina lako, na hata kuimaliza kwa makubaliano bila kukuuliza. Umekubali pia kutokiri kosa kwa mtu yeyote. Ile "pole ndugu, ni mimi" ya barabarani ni utu. Kwa kampuni ni maumivu ya kichwa.

Kazi ya kwanza ya wakili huyu ni kalenda, na hapa ndipo kesi nyingi hupotea kabla hazijaanza. Mdaiwa asipofika kwenye kesi, yaani asipowasilisha hati ya kuiambia mahakama kwamba amepata wito na atajibu, ndani ya muda ulioandikwa kwenye wito, au akifika halafu asiwasilishe utetezi ndani ya siku 14 baada ya hapo, mdai anaomba hukumu ya upande mmoja, kisha kinachobaki ni kupanga kiasi cha fidia. Kuibatilisha hukumu hiyo inawezekana, lakini unakwenda kuomba huku umeinamisha kichwa, na mara nyingi unalipishwa gharama. Wito ule ulioachwa kwenye droo ya duka, ukatumwa kwa ajenti, ajenti akaupeleka tawini, tawi likaupeleka makao makuu, makao makuu yakauandikia ofisi ya wakili, unaweza kula wiki tatu njiani. Ofisi nzuri haingoji barua ya rasmi. Inapokea picha ya WhatsApp asubuhi, na kufikia jioni imeshaingiza hati ya kufika kwenye mfumo wa mtandaoni wa mahakama.

Tangu mwaka 2021 kalenda hiyo imekaza zaidi. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani jijini Nairobi mwaka huo, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya majeraha, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Mawakili wa bima waliozoea kesi za miaka minne, ambamo shahidi husahau na mdai huchoka, walijikuta hawana pa kujificha. Kuna ofisi zilizobadilisha utaratibu wao mzima. Nyingine bado zinaomba kuahirishiwa.

Baada ya kalenda inakuja kazi ya uchunguzi, na hapo ndipo pana uhondo wenyewe.

Chukua matatu ya viti 14. Idadi hiyo ilikazwa na kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2004, zile ambazo kila Mkenya anaziita sheria za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilizoleta pia mikanda na vidhibiti mwendo. Sasa fikiria matatu hiyo imebingirika, na baada ya mwaka mmoja kampuni ya bima imepokea barua za madai 23. Hesabu ya haraka inasema kuna watu tisa walipanda gari baada ya ajali. Hesabu hiyo inaweza kuwa ya uonevu. Matatu hubeba watu kupita kiasi, na abiria aliyekaa kwenye ubao kati ya viti viwili ameumia sawa na aliyekaa kwenye kiti. Sheria haimruhusu bima kumkataa majeruhi wa nje kwa sababu tu gari lilizidisha abiria. Lakini kweli wapo pia abiria hewa, watu waliotafutwa na madalali wa kesi, wakapewa abstrakti ya polisi, ile karatasi ya muhtasari wa ajali, na hadithi ya kukariri.

Wakili mzembe anakana wote 23 kwa utetezi mmoja wa kunakili: hakukuwa na ajali, kama ilikuwepo mdai hakuwemo, kama alikuwemo hakuumia, kama aliumia ni makosa yake mwenyewe. Mahakimu wameusoma utetezi huo mara elfu. Wakili anayeijua kazi anatuma mchunguzi. Mchunguzi anakwenda kituo cha polisi kusoma OB yenyewe, si abstrakti peke yake, aone majina ya majeruhi yaliandikwa siku ile au yaliongezwa baadaye kwa kalamu nyingine. Anakwenda hospitali iliyo karibu na eneo la ajali na kuomba rejista. Aliyevunjika mguu saa mbili usiku ataonekana kwenye rejista ya usiku huo. Aliyetibiwa kwa mara ya kwanza siku tisa baadaye, katika kliniki ya mtaani iliyo mbali na ajali, ana maswali ya kujibu. Fomu ya P3, ile ya polisi anayojaza daktari kueleza majeraha, inalinganishwa na karatasi za matibabu ya kwanza: moja inasema michubuko ya goti la kushoto, nyingine inasema la kulia. Ni vitu vidogo, lakini mbele ya hakimu vina uzito kuliko hotuba.

Mafaili yakishachujwa, wakili wa bima na mawakili wa wadai hukubaliana kuchagua kesi moja iwe ya mfano. Hiyo inasikilizwa kuhusu swali moja tu, nani alaumiwe na kwa asilimia ngapi, na jibu lake linazibana zile nyingine zote. Fidia ya kila mtu inapangwa kivyake, kwa sababu mbavu si sawa na kidole. Hapa uteuzi wa kesi ya mfano ni mchezo wa bao: kila upande unataka kete inayoufaa. Nimeona wakili akipigania wiki nzima kwamba kesi ya mfano iwe ya abiria wa kiti cha mbele, kwa kuwa ndiye pekee aliyeona lori likiingia upande wao.

Kisha yupo daktari. Mdai huja na ripoti ya daktari wake, inayosema ulemavu wa kudumu ni asilimia 10. Upande wa bima una haki ya kumpeleka akapimwe tena na daktari wao, naye anasema asilimia 4. Hakuna anayedanganya kwa lazima. Mmoja alimwona mgonjwa miezi mitatu baada ya ajali, mwingine baada ya mwaka na nusu, mfupa umeshaunga. Lakini ofisi ambayo kila ripoti ya daktari wake hurudi na asilimia 2, awe amevunjika shingo au amekwaruzwa, hujulikana. Hakimu anaifungua, anaona jina lililo chini, anaifunga.

Sasa tufike pale ambapo watu wengi hawafiki wakifikiria kazi hii. Kesi nyingi za ajali hakuna anayezishinda wala anayezishindwa, hulipwa. Gari liliingia kwenye bodaboda, mtu amevunjika, swali ni kiasi gani. Mawakili wawili wanasimama kwenye korido ya mahakama, mmoja anasema tisini kwa kumi, mwingine anasema sabini kwa thelathini, wanakubaliana themanini kwa ishirini. Maana yake mdaiwa anabeba asilimia 80 ya lawama, na mwendesha bodaboda, ambaye hakuwa na helmeti wala taa ya nyuma, anabeba 20. Ripoti zinawasilishwa kwa makubaliano bila kumwita daktari, na hakimu anaachiwa kupanga pesa.

Ili kusimama kwenye korido hiyo na kusema neno, wakili lazima awe ameshaiambia kampuni mapema kesi hii ina thamani gani. Ripoti yake ya kwanza, inayotakiwa kuandikwa katika wiki za mwanzo, inasema: tutalaumiwa kwa kiasi hiki, mahakama zimetoa kati ya kiasi hiki na hiki kwa jeraha kama hili, ongeza gharama za mdai. Kampuni inatenga akiba kwa kufuata takwimu hiyo. Wakili akisema laki tatu na hukumu ikaja milioni moja na nusu, si kesi moja iliyoharibika, ni hesabu ya kampuni. Zidisha kosa hilo kwa mafaili mia nne. Kenya tumeyaona makampuni ya bima yakianguka huku watu wakiwa na hukumu mkononi, United mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011 zikiwa chini ya usimamizi wa kisheria, na kampuni inapoanguka, mwenye Probox anabaki yeye na jina lake kwenye hukumu. Sisemi mawakili ndio walioziangusha. Nasema makadirio ya kweli ni sehemu ya kazi ya utetezi, hata yasipompendeza anayelipa.

Kwa maoni yangu huu ndio ubora usiotangazwa: ujasiri wa kuiambia kampuni "hii lipeni, na mlipe sasa." Si rahisi. Wakili anayelipwa kwa kila hatua ya kesi ana sababu ya kupenda hatua nyingi, na anayetaka kubaki kwenye orodha ya mawakili wa kampuni ana sababu ya kuiambia kampuni inachopenda kusikia.

Kuna kesi moja ya Marekani ambayo wanafunzi wengi wa sheria ya bima huisoma kwa sababu hiyo. Mjane mzee alikuwa na jengo la kupangisha San Francisco. Ngazi ya nje ikavunjika chini ya mguu wa mpangaji wake, yule mwanamke akabaki ananing'inia futi 15 juu ya ardhi mpaka alipookolewa, na akili yake ikayumba vibaya tangu siku ile. Bima ya mwenye jengo ilikuwa na kikomo cha dola 10,000. Mdai alikuwa tayari kumaliza kwa dola 9,000, na mjane mwenyewe alikubali kuchangia 2,500 kutoka mfukoni. Kampuni ikakataa. Baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wanaoamua kesi huko Marekani, likatoa fidia ya dola 101,000. Kampuni ililipa elfu kumi zake ikakunja mkeka, na mjane akapoteza mali yake, akaishia kutegemea wajukuu. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ya California, katika kesi hiyo ya Crisci, iliamuru kampuni ilipe yote iliyobaki, pamoja na dola 25,000 kwa mateso ya moyo aliyopata yule mama. Hoja ilikuwa nyepesi: ulicheza kamari kwa pesa za mtu uliyeahidi kumlinda.

Kenya nasi tunacho kikomo. Kwa majeraha na vifo vya watu wa nje, sheria ya bima ya lazima inaibana kampuni kulipa hadi shilingi milioni tatu kwa mdai mmoja. Hukumu ikija milioni tano, milioni mbili za juu zinamtafuta mwenye gari. Wengi hawalijui hili kabisa. Wanaamini stika ikiwa kwenye kioo, basi hakuna jambo. Wakili wa bima anayeona majeraha ya uti wa mgongo kwenye faili, na anajua mahakama hutoa kiasi gani kwa jeraha hilo, anapaswa kumwandikia mteja wake mapema: mzee, kesi hii inaweza kupita kikomo, una haki ya kutafuta wakili wako binafsi asimame pamoja nasi. Barua hiyo inagharimu karatasi moja. Ni mara ngapi huandikwa?

Nimesema mteja wake, na hapo ndipo fundo lenyewe lilipo. Mteja ni nani? Anayelipa ni kampuni, anayetetewa ni mwenye gari, na siku nyingi masilahi yao yanakwenda njia moja. Siku nyingine hayaendi. Dereva anaketi mbele ya wakili kuandikisha taarifa, anaona ni mtu wake, anafunguka: "Wakili, nikuambie ukweli, ile siku nilikuwa nimebeba watu wa nauli." Gari lilikatiwa bima ya matumizi binafsi. Kwa kampuni, sentensi ile ni dhahabu. Inaweza kujenga hoja ya kumkana, au ya kumlipa majeruhi kisha kumgeukia mwenye gari airudishie pesa zake. Na muda ni mfupi: kampuni inayotaka mahakama itamke kwamba bima ilipatikana kwa kuficha ukweli, na ijikinge na hukumu kwa njia hiyo, inapaswa kufungua kesi yake kabla ya miezi mitatu kuisha tangu ile ya majeruhi ifunguliwe.

Wakili afanye nini na sentensi ile? Alichoambiwa na mteja ni siri ya mteja. Hawezi kuipeleka kwa kampuni, na hawezi kuendelea kuitumikia kampuni kama vile hajaisikia. Ofisi inayojiheshimu hujitoa kwenye kesi, bila kueleza zaidi ya inavyoruhusiwa, na kesi ya kumkana mwenye gari, ikiwepo, inakwenda kwa ofisi nyingine kabisa. Huko California mahakama ya rufaa iliamua mwaka 1984, katika kesi ya Cumis, kwamba mgongano wa namna hiyo ukitokea, kampuni imgharamie mwenye bima wakili wa kujichagulia. Kwetu tumeachiwa maadili ya uwakili na dhamiri ya aliyeketi upande wa pili wa meza. Nimewahi kuona ofisi moja, sitaitaja, ikimtetea mtu kwenye kesi ya majeruhi huku ikimshtaki mtu huyohuyo kwa niaba ya bima yake. Mafaili mawili, kabati moja. Karani ndiye aliyeligundua.

Hukumu ikitoka kazi haijaisha. Rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu inataka kuwasilishwa ndani ya siku 30, na rufaa peke yake haimzuii dalali wa mahakama, yule anayekamata mali na kuinadi ili hukumu ilipwe. Lazima uombwe usitishaji wa utekelezaji wa hukumu, na mahakama karibu kila mara hutaka dhamana. Agizo la kawaida ni kwamba nusu ya pesa alipwe mdai, nusu iwekwe benki kwenye akaunti ya pamoja ya mawakili wa pande mbili, ndani ya muda fulani. Hapo wakili anageuka mkimbizaji wa hundi. Kampuni ikichelewa siku mbili, usitishaji unakufa wenyewe, na anayeamshwa na dalali alfajiri si mkurugenzi wa bima, ni mwenye Probox. Ofisi hodari huanza kuisumbua idara ya malipo siku agizo linapotolewa, kwa barua, kwa simu, na ikibidi kwa kumtuma karani akaketi pale mapokezi mpaka hundi isainiwe.

Na mwenye Probox wetu? Kesi yake ilikwenda vizuri, kwa kipimo cha kampuni. Wakili alimwita mara moja tu kuandikisha taarifa, akamuuliza kuhusu taa ya bodaboda, kuhusu mti ulioziba makutano, na kama kulikuwa na mtu mwingine garini. Walikubaliana sabini kwa thelathini, fidia ikalipwa chini kabisa ya kikomo, faili likafungwa. Hakuna aliyempigia simu. Kwa miezi kadhaa aliendelea kushtuka kila pikipiki ya mpeleka nyaraka ilipopunguza mwendo mbele ya duka lake. Alipata habari siku alipokwenda kukata bima mpya, msichana wa kaunta alipomwonyesha bei iliyopanda na kumwambia, bila kuinua macho kwenye kompyuta, "Ni ile ajali yako ya bodaboda, mzee. Tulishalipa tangu mwezi wa tatu."